Pipa, Ndoo au Karai? Gharama Halisi ya Kumlisha Bata

Pipa la plastiki la buluu, lile la lita 200, humvutia kila mfugaji wa bata anayelikuta likiuzwa kando ya barabara. Litobolewe chini, lijazwe chakula, bata wajihudumie wiki nzima na mwenyewe ashughulikie mambo mengine. Pipa halishiki kutu, mvua hailipenyi, na fundi yeyote wa jua kali anaweza kulitoboa kwa muda mfupi. Hata hivyo, pipa lile lile linalomwokolea pesa mfugaji wa bata 100 linaweza kumtia hasara jirani yake mwenye bata 15.

Chombo hununuliwa mara moja. Chakula hununuliwa kila wiki. Ndiyo maana katika ulinganisho huu bei ya kila chombo inakwenda sambamba na swali la pili: kwa mwezi, chombo hiki kitamwaga au kuozesha chakula cha shilingi ngapi? Bei zilizotajwa ni makadirio ya Nairobi na vitongoji vyake, kwa shilingi za Kenya. Kisumu au Mombasa zitapanda au kushuka, na vyombo vilivyokwisha kutumika hutegemea ulivyopatana na muuzaji.

Bata na kuku hawali namna moja

Vilishio vingi vya madukani vimetengenezwa kwa ajili ya kuku. Kuku hudonoa, bata huchota. Mdomo wake mpana huzama kwenye unga na kukumba unachoweza, kisha bata huyo huelekea kwenye maji, kwa sababu chakula kikavu hakimshuki vizuri bila kukisindikiza. Akifika husuza mdomo na pua, na sehemu ya unga hubaki majini. Hurudi na mdomo uliolowa, unga ukanata ukingoni mwa chombo, na baada ya siku mbili tatu ukingo umeota ganda lenye harufu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, kagua mambo manne. Kwanza, nafasi ya kulia iwe pana: tundu la kuingiza kichwa lisipungue inchi 4, kwa maana dume la bata wetu wa kienyeji huweza kuzidi kilo 4 na kichwa chake si kidogo. Pili, ukingo ufike usawa wa kifua cha bata, asiweze kupanda ndani na miguu yenye tope. Tatu, maji yawe hatua tatu au nne kutoka kwenye chakula. Yakiwa mbali sana bata hukabwa. Yakiwa ubavuni, unga wote unageuka uji.

La nne ni chakula chenyewe. Unga hunata na hupotea kwa wingi. Peleti na nafaka nzima huteremka vizuri ndani ya chombo, na bata huziokota hata zikianguka. Peleti ni ghali kidogo kwa kilo na hazipatikani kila duka, lakini mfugaji anayelipa tofauti hiyo hurudishiwa sehemu yake kwa chakula kisichomwagika.

Piga hesabu kwanza

Bata mzima anayetegemea chakula cha kununua pekee hula takriban gramu 150 hadi 200 kwa siku. Tuchukue 170. Bata 20 watakula kilo 3.4 kwa siku, yaani kilo 102 kwa mwezi wa siku 30. Tukikadiria kilo moja ya chakula cha kuku wa mayai kwa shilingi 50, hizo ni shilingi 5,100 kila mwezi.

Tuseme sasa chombo chako kinapoteza sehemu moja kati ya kumi. Ni kilo 10 na ushei kwa mwezi, shilingi 510. Kwa mwaka ni zaidi ya 6,000. Pesa hizo zingenunua vilishio kadhaa vizuri na chenji ikabaki.

Huna haja ya kubahatisha kiwango chako. Tandika gunia safi chini ya kilishio kuanzia asubuhi hadi jioni, kisha kusanya kilichomwagika, kianike kikauke na ukipime. Kwa bata 20, gramu 340 ndiyo ile moja ya kumi. Ukipata zaidi ya hapo, chombo kinakula pamoja na bata.

Hesabu hii inahusu bata waliofungiwa. Wale wanaoshinda mtoni au shambani wakitafuta konokono, wadudu na majani huhitaji chakula kidogo cha nyongeza. Mwenye bata wa namna hiyo asijisumbue na vilishio vya kuhifadhi chakula: awape jioni kiasi wanachomaliza, aondoe chombo.

Karai, beseni na nusu ya tairi: shilingi 100 hadi 400

Hivi ndivyo vyombo vya kawaida vijijini, na bei yake haina mshindani. Tairi kuukuu la gari likikatwa katikati kwa mzunguko hutoa mabirika mawili mapana ambayo bata hawezi kuyapindua. Vifaranga wa bata nao hufaa kulishwa kwenye sinia la kina kifupi.

Ubaya wake unajulikana. Bata huingia ndani, hukanyaga na kunya humo humo. Mvua hunyesha ndani. Kunguru na shomoro hujikaribisha. Chombo cha wazi hufaa kwa chakula kinacholiwa mara moja kikaisha. Kukiacha kimejaa kutwa nzima ndipo ile moja ya kumi inapogeuka moja ya tano. Ukiamua kubaki na karai, funga fito mbili za kukingamana juu yake ili bata aingize shingo pekee.

Kilishio cha dukani: shilingi 400 hadi 800

Kile cha plastiki chekundu au cha njano, chenye uwezo wa kilo 6 hadi 10, hupatikana katika kila duka la pembejeo. Ni chepesi, huoshwa kwa urahisi na hutundikwa. Kwa kuku ni chaguo zuri. Kwa bata, vile vijisanduku vilivyogawanya sinia lake huwa vyembamba, na bata anayejaribu kuchota kati yake hurusha chakula pembeni. Vya mabati vinavyofuliwa na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, ni bora kidogo, kwani unaweza kuagiza sinia pana lisilo na vigawanyo. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba ni cha bata, na umpe vipimo: kina cha sinia sentimita 10 hadi 12, na nafasi ya sentimita 12 kati ya ukuta wa chombo na ukingo.

Ndoo ya lita 20 juu ya beseni: shilingi 400 hadi 700

Hapa ndipo mfugaji mdogo anapopata thamani ya pesa zake. Hoteli na wauza mandazi huuza ndoo tupu za mafuta ya kupikia zenye mfuniko unaobana, kwa shilingi 150 hadi 300. Beseni pana la plastiki ni shilingi 200 hadi 400. Ndoo za rangi ziachwe. Mabaki yake hayatoki vizuri.

Toboa matundu manne hadi sita ya upana wa inchi 2 kwenye ukuta wa ndoo, karibu kabisa na kitako. Ikaze katikati ya beseni kwa boliti mbili zenye washa. Chakula kitatoka hadi kifike usawa wa juu wa tundu, kisha kitasimama chenyewe. Bata wakila, kingine kinashuka. Kwa hiyo ukingo wa beseni lazima uwe juu ya tundu kwa sentimita chache. Tundu la sentimita 5 linadai beseni la kina cha sentimita 10 au zaidi. Wanaokosea kipimo hiki hukuta nusu ya ndoo imemwagika chini kabla ya saa sita.

Ndoo moja hubeba takriban kilo 11 za unga. Kwa bata 20, ndoo mbili hutosha siku sita, muda unaofaa kwa chakula kukaa nje ya gunia. Beseni la upana wa sentimita 45 lina mzunguko wa karibu mita 1.4, nafasi ya bata tisa kula kwa pamoja. Ndoo mbili zikiwekwa mbali kidogo, hata bata mnyonge anayefukuzwa upande mmoja hupata riziki upande wa pili.

Bomba la inchi 4: karibu shilingi 700 kila moja

Bomba la PVC la maji taka likikatwa vipande vya mita 1.5, kila kimoja kikafungwa kona chini na kifuniko juu, huonekana nadhifu na hushikamana na ukuta bila kuchukua nafasi. Bomba zima la mita 6 hutoa vilishio vinne.

Tatizo ni kwamba kila bomba lina mdomo mmoja, na hubeba lita 13 tu, yaani kilo 7 hivi za unga au 9 za mahindi. Unga nao hung'ang'ania ukutani na kukwama kwenye kona, hasa mdomo wa bata ukiwa umelowa. Mfugaji huona bomba limejaa akadhani bata wameshiba, kumbe wana njaa. Kwa nafaka nzima au peleti, bomba linafaa bata wanne hadi kumi. Kwa unga, pesa zako zitapotea.

Pipa zima: shilingi 4,500 hadi 5,500

Nchini Uingereza watunzaji wa ndege wa kuwindwa huweka mapipa ya plastiki porini, na chini yake hufunga springi ya waya. Ndege akidonoa springi, punje chache za ngano huanguka. Ule ni ufundi wa nafaka nzima na ndege wanaodonoa kama kwale. Ukijaza unga hautoki hata chembe. Bata mwitu wa huko mara nyingi humwagiwa shayiri kwenye maji ya kina kifupi ukingoni mwa bwawa. 

Kwa bata wa kufugwa, mapipa hutengenezwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutoboa ukuta na kuchomeka kona za inchi 4 pande zote. Kona nane zinatosha kuzunguka pipa la upana wa sentimita 58. Zaidi ya hapo bata hawana pa kusimama. Ukiwa na bata 100, kila mdomo unagombaniwa na 12 au 13, na wanyonge hubaki nyuma.

Ya pili, iliyo bora, ni kulisimamisha pipa juu ya sinia la mabati lenye upana wa sentimita 90, na kulitoboa chini kwa utaratibu ule ule wa ndoo. Sinia hilo lina mzunguko wa mita 2.8, na bata 18 au 19 hula kwa wakati mmoja. Ndani ya pipa, katikati ya kitako, kaza beseni dogo lililofunikwa kifudifudi ili chakula kiteremke kuelekea matunduni badala ya kulala katikati kikiota ukungu. Liweke juu ya matofali au paleti imara, kwa maana likijaa lina zaidi ya kilo 100, na liwe chini ya paa.

Gharama zake ziko hivi: pipa lililotumika shilingi 2,500, sinia la fundi 1,500, boliti na silikoni 500, ufundi 500. Jumla ni shilingi 5,000. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji lilibeba nini. Alama ya namba 2 ndani ya pembetatu hukuambia aina ya plastiki. Haikuambii kama ndani mlikuwa na sharubati au dawa ya wadudu. Lisilo na lebo na lenye harufu kali liache hapo hapo, hata likiwa nusu bei.

Sasa turudi kwa majirani wetu wawili. Tuseme pipa limepunguza upotevu kwa asilimia 5. Mwenye bata 100 hutumia kilo 510 kwa mwezi, za shilingi 25,500, hivyo huokoa shilingi 1,275. Pipa lake limejilipa kwa miezi minne. Mwenye bata 15 hutumia chakula cha shilingi 3,825. Huokoa 191, na atangoja miezi 26. Hilo bado si baya zaidi. Pipa lililojaa unga wa kilo 110 huisha kwa siku sita na nusu kwa yule wa kwanza. Kwa wa pili litakaa siku 43.

Ukungu haulipwi kwa shilingi pekee

Siku 43 ni nyingi mno kwa unga wa mahindi na mashudu ndani ya plastiki inayochomwa na jua mchana na kupoa usiku. Mvuke hujikusanya chini ya mfuniko, matone huanguka, na ukungu huanza. Baadhi ya ukungu hutoa sumu ya aflatoksini, na vifaranga wa bata ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi kuliko wote.

Sumu hiyo ilianza kuchunguzwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu. Sisi tunaijua kwa uchungu zaidi: mwaka 2004 watu 125 walikufa katika Makueni, Kitui na maeneo jirani baada ya kula mahindi yenye ukungu. Mahindi yasiyofaa binadamu, basi, yasipelekwe bandani kwa kisingizio cha kubana matumizi.

Kanuni ya kufuata ni rahisi: chombo chochote ukijaze kwa siku saba tu, na msimu wa mvua kwa siku nne. Kabla ya kujaza tena, kikaushe hadi kitako na ukwangue ganda. Mwenye pipa kubwa na bata wachache anaweza kulitumia hivyo, ila ajue amelipia nafasi asiyoihitaji.

Wageni wasioalikwa

Kilishio cha wazi karibu na ziwa au bwawa huita ndege wa porini. Kati ya Oktoba na Machi bata mwitu kutoka Ulaya na Asia hufika kwenye maziwa yetu, Naivasha na Nakuru yakiwemo, na hakuna faida ya kuwachanganya na bata wa nyumbani. Januari 2017 Uganda ilithibitisha homa ya mafua ya ndege baada ya ndege wahamaji kuonekana wamekufa kando ya Ziwa Victoria. Bata na kuku wa kufugwa nao waliathirika, na Kenya ikapiga marufuku kuku kutoka nchi hiyo. Chombo chenye mfuniko, kilichowekwa chini ya paa na ndani ya wavu, ni kinga ya bei nafuu. Mwenye shamba kando ya maji asiwatengenezee bata mwitu pipa lao. Wanajilisha wenyewe, hivyo kuwavuta hakumpi chochote ila hatari.

Panya ndio wageni wa usiku. Bata hawaumii wakikosa chakula usiku, mradi walale wameshiba. Inua beseni au funika sinia jioni, ufungue alfajiri. Vilishio vya kukanyaga, ambavyo mfuniko wake hufunguka ndege akisimama kwenye ubao, huzuia panya vizuri, lakini bei yake ni maelfu ya shilingi, na bata huchukua muda kuvizoea.

Uamuzi

Bata wasiozidi 10: karai lenye fito za kukingamana au ndoo moja. Usitumie zaidi ya shilingi 500.

Bata 10 hadi 40: ndoo za lita 20, moja kwa kila bata 10. Kwa bata 20 utatumia shilingi 800 hadi 1,400, na hakuna chombo kingine cha kuhifadhi chakula katika orodha hii kinachokupa nafasi kubwa ya kulia kwa bei hiyo.

Bata 40 hadi 60: nunua pipa moja lakini usilisimamishe. Lipasue kwa urefu upate mabirika mawili, kila moja lenye karibu sentimita 90 kila upande, ufunge fito juu yake. Utatumia takriban shilingi 3,000 pamoja na ufundi. Hayahifadhi chakula, hivyo yanadai mtu wa kulisha asubuhi na jioni. Kama huna mtu huyo, ongeza ndoo.

Zaidi ya 60: pipa zima juu ya sinia, na la pili ukivuka bata 100. Ukiwa na peleti, litakutumikia vizuri zaidi.

Bomba liwe la mwenye bata wachache na nafaka nzima. Kilishio cha plastiki cha dukani waachie kuku.

Kabla ya kutoa shilingi yoyote, fanya lile jaribio la gunia kwa chombo ulicho nacho sasa. Ukikuta kinamwaga kidogo, kioshe, kiwekee fito, na pesa za pipa zipeleke kwenye chakula bora.